Hatua Tupu

Bi Kerubo haandiki programu.
Anaandika kwa kalamu ya Biki, kwenye daftari la mistari,
juu ya meza ya kukatia vitambaa, Soko la Kenyatta,
chaki ya fundi ikimwachia vumbi la buluu kiwikoni:

        Ikiwa mwanachama amefiwa
        na mchango wake wa Ijumaa haujafika,
        pindi Jumatatu inapoingia,
        basi asitozwe faini.

Nikaibeba mistari hiyo hadi ghorofa ya tatu, Ngara,
chumba cha dirisha moja linalotazama tangi la maji,
nikaiweka kwenye faili vile vile ilivyo,
bila kuipiga pasi.

Ndiyo ahadi ya kazi hii:
neno liseme mwenye jambo,
kisha neno lenyewe litembee.
Mimi chini yake nashona JavaScript,
kila sentensi na mshono wake wa ndani
ambao mvaaji hauoni.

Nikaamuru. Mashine ikajibu kwa manjano:
hatua hii haijulikani.
Amefiwa. Amefiwa na nani?

Nikampigia. Cherehani zilinguruma nyuma yake.
Mume, akasema. Mtoto. Mzazi.
Akanyamaza kidogo.
Na jirani aliyekulelea mtoto?
Jirani nitamwandikaje?
Andika, yeyote ambaye akifa, chakula hakikupiti kooni.
Kompyuta haina koo, Bi Kerubo.
Basi ipe orodha. Lakini ujue umepunguza.

Nikapunguza. Sita tu, ndani ya mabano ya mraba,
kila mmoja katikati ya alama zake za nukuu
kama majina kwenye tangazo la msiba.
Jirani hakuwemo.

Wiki ile stima ilipotea mara mbili.
Hatua ya mwisho, ile ya *basi*,
niliiandikia jina, nikafungua mabano,
nikayafunga. Ndani hamna kitu.
Nitarudi, nikajiambia.
Mashine husoma sentensi, huita mshono wake,
mshono usipolalamika, hupaka kijani.
Na kilicho kitupu hakilalamiki.

Kijani Machi. Kijani Aprili yote, na mvua zake.
Nilipita na kikombe cha chai nikiitazama skrini
kama mtu na sukumawiki aliyopanda kwenye gunia.

Mei, Teresia Mbithe, fundi wa vifungo,
alimzika mumewe Mwala, siku ya Jumamosi.
Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika moja asubuhi,
vumbi la kaburi bado viatuni,
simu ikalia:
*Umetozwa faini, shilingi mia mbili. Lipa kwa wakati.*

Bi Kerubo hakunigombeza.
Alipanda ngazi zote na goti lake bovu,
akaketi, akasema, nionyeshe.
Nikamwonyesha maneno yake, yote yamepakwa kijani.
Akayasoma kwa sauti, kidole kwenye kioo.
Haya ni yangu. Hata koma ni yangu.
Sasa nionyeshe yalikokwenda.

Tukashuka chini ya sentensi.
Mabano mawili yakitazamana.
Aah, akasema. Mfuko wa bandia.
Tunaushona kwenye makoti ya bei ya chini.
Kwa macho ni mfuko. Mkono hauingii.

Nikaanza kujitetea, haraka, stima, nikaacha.
Nikaandika: chukua deni la mwanachama,
lilinganishe na sifuri, likizidi, piga kelele.
Usirekebishe kwanza, akanizuia.
Nataka nione ikikataa.

Ikakataa. Nyekundu ikajaa kioo,
nyekundu iliyopaswa kuwaka tangu Machi,
maana programu yenyewe haikuwahi kusikia habari ya msiba.
Bi Kerubo aliitazama kwa muda mrefu,
akachomoa noti mbili za mia kwenye leso
kumpelekea Mbithe kwa mkono, si kwa simu.

Kwenye kona ya ngazi akageuka.
Na jirani?

Bado, nikasema.
Juu kwenye skrini, mstari mmoja,
manjano.